Re: Robert Smalls alipata mali kwanza au siasa?

Ndugu, umeuliza kama Robert Smalls wa Beaufort, South Carolina, alikuwa na mali kabla ya kuingia bunge la jimbo, au siasa ndiyo iliyomtajirisha. Mali ilitangulia, na chanzo chake ni meli.

Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839. Alfajiri ya Mei 13, 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akiwa rubani wa Planter, meli ya jeshi la majimbo ya Kusini yaliyoasi Marekani ili kulinda utumwa, aliitorosha kutoka bandari ya Charleston akiwa na mkewe, watoto na watumwa wenzake. Alivaa kofia ya nahodha na kupiga ishara sahihi mbele ya Sumter, ngome ya waasi hao mlangoni mwa bandari, hakuna aliyemshuku. Serikali ya Marekani ikamlipa dola 1,500 kama fungu lake la zawadi ya kuiteka meli ya adui. Ndiyo mtaji wenyewe huo! Akarudi Beaufort, akanunua nyumba ya bwana wake wa zamani iliyonadiwa kwa deni la kodi, kisha akafungua duka na mshirika wake.

Mwaka 1868 alikuwa mjumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo, akapigania shule za bure kwa watoto wote. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, maana yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Mwaka huohuo akachaguliwa bunge la jimbo, 1870 akaingia seneti yake, na 1875 akafika Washington kama mbunge wa Marekani.

Ni kweli kwamba mwaka 1877 alihukumiwa kwa rushwa, ila alisamehewa 1879, na wapinzani wake walikuwa wanawasaka viongozi weusi wakati huo.