Kuhamisha mkopo wa nyumba: riba ya wiki za kusubiri

Ukihamisha mkopo wa nyumba kwenda benki nyingine na mambo yakachelewa, riba ya wiki hizo za kusubiri unalipa wewe, ndugu. Riba ya benki ya zamani inaendelea kuhesabiwa mpaka deni lifungwe, hata kama waliokalia faili ni benki yenyewe. Kazi yangu ni kufuatilia hati hapa Dodoma na hili huwakuta wengi: barua ya salio (ile ya benki ya zamani inayotaja deni lililobaki) ina tarehe yake, benki mpya inalipa wiki kadhaa baadaye, riba ya siku za katikati inabaki kwako. Omba barua itaje riba ya kila siku. Kama uzembe ni wa benki, walalamikie kwa maandishi. Wakikataa, nenda dawati la malalamiko la Benki Kuu. Ila kama bado una karatasi za kiwanja za iliyokuwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu hapa Dodoma (ilivunjwa 2017 jamani!), badilisha hati kwanza, maana hapo ndipo faili hulala.