Mkanda wa mgongo na baridi ya Makambako

Pole dada. Umeuliza kama usiku unaweza kuvua mkanda uliovalishwa baada ya kupasuliwa mgongo na kuwekewa vyuma na skrubu, na kwamba Makambako baridi inakulazimu kuvaa sweta chini yake. Sweta litoke! Ndani vaa fulana ya pamba isiyo na mikunjo, sweta lije juu. Mikunjo ndiyo inayochubua mbavu. Ngozi ikibaki nyekundu nusu saa baada ya kuvua, mkanda urekebishwe.

La usiku mwulize aliyekupasua. Wapo wanaoruhusu, wapo wasioruhusu, na wengine hawampi mgonjwa mkanda kabisa, maana vyuma na skrubu hizo ndivyo vinavyoshika mgongo mpaka mifupa iungane, miezi 6 hadi 12 hivi. Ndoo za maji waachie wengine, hata ukiwa umeuvaa. Kidonda kikitoa usaha au miguu ikifa ganzi, usingoje siku ya kliniki.