Kambi ya gari na mtoto mdogo na mbwa: kila mmoja awe na mtu wake

Safari ya gari na hema, mkiwa na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano na mbwa juu yake, mara nyingi haiharibikii njiani. Huharibika mlango wa gari unapofunguliwa, hema linaposimamishwa, sufuria inapochemka, na asubuhi ya kufungasha. Nyakati hizo watu wazima wote wawili wana mikono iliyojaa, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeangalia. Kwa hiyo kabla ya kugusa orodha ya vifaa, kubalianeni hivi: katika kila wakati wa namna hiyo mtoto ana mtu wake aliyetajwa kwa jina, na mbwa ana mtu wake, au amefungwa mahali pake. Mkisema "tunawaangalia sote", hakuna anayewaangalia.

Kwa mara ya kwanza chagueni mahali pasipozidi saa mbili za kuendesha, na mlale usiku mmoja au miwili tu. Kabla ya hapo simamisheni hema uani au hata sebuleni, mtoto alale humo usingizi wa mchana na mbwa aingie na kunusa kila kona. Mtoto anayeliona hema kwa mara ya kwanza gizani, akiwa amechoka, hatalala.

Ndani ya gari

Mbwa lazima afungwe. Gari likisimama ghafla kwa kugonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mbwa asiyefungwa hurushwa mbele kwa kasi ileile ambayo angefika nayo chini baada ya kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Mbwa wa kilo 20 kwa kasi hiyo anaweza kumuua aliye mbele yake. Kizimba kigumu ndicho tunachokipendekeza: kiwekwe kwenye buti, kiegemee mgongo wa kiti cha nyuma, kisha kikazwe kwa mikanda kwenye pete za chuma za sakafuni. Gari lisilo na nafasi hiyo, mvalishe mbwa mikanda ya kifuani iliyotengenezwa kwa safari na uiunganishe na mkanda wa kiti. Usimfunge kwa kola ya shingoni hata kwa safari fupi, maana breki moja kali inaweza kumvunja shingo. Kizimba kina faida ya pili, nayo huonekana mkifika: mbwa anakuwa tayari na chumba chake chenye harufu yake.

Mtoto aendelee na kiti kinachotazama nyuma mpaka afikie kikomo cha urefu au uzito kilichoandikwa kwenye kiti chenyewe. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Kikague kwa kukishika pale mkanda unapopita na kukitikisa: kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, kaza upya. Kwenye bega la mtoto jaribu kuufinya mkanda kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, bado umelegea. Koti nene livuliwe kwanza. Katika mgongano pamba yake hubanwa ikawa nyembamba, na mkanda uliodhani umekaza unabaki na pengo. Mfunge mtoto na nguo za kawaida, kisha mfunike blanketi juu ya mikanda.

Mizigo mizito iwe chini, ikigusana na mgongo wa kiti. Upepo wa matairi upimwe yakiwa ya baridi, na uongezwe hadi kiwango cha gari lililojaa, ambacho kwa kawaida kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Angalieni pia kama tairi la spea linafikika bila kushusha kila kitu barabarani. Hema, kamba ya mbwa, bakuli lake la maji na mkeka viingie mwisho kabisa, kwa sababu ndivyo vitakavyotoka kwanza.

Kusimama njiani

Simameni kila baada ya saa mbili, dakika 15 hadi 20. Utaratibu ni huu: gari linazimwa, mtu wa mbwa anamfunga kamba mlango ukiwa bado umefungwa, anatoka naye na kusogea mbali na magari. Mtoto yuko kitini muda wote huo. Mbwa akishatulia ndipo mtu wa mtoto anapomfungua mtoto. Kurudi ni kinyume chake, mtoto anafungwa kwanza kisha mbwa anaingia. Kama mtu mzima ni mmoja tu, kizimba ni cha lazima, na kituo cha kusimama kiwe na uzio au kiwe mbali na barabara kuu.

Mbwa apewe chakula muda wa saa tatu au nne kabla ya kuondoka, na njiani apate maji tu. Mtoto ale kidogo na kikavu. Kichefuchefu cha gari huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12, na kutazama skrini au kitabu hukichochea, kwa hiyo mwonyesheni vitu vya mbali nje ya dirisha. Taulo na mfuko viwe karibu na mkono, visiwe kwenye buti.

Vitafunio vinahitaji uangalifu wa pande mbili, na hapa wengi hawajui. Zabibu mbichi na kavu, chokoleti, vitunguu na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli (kiongeza utamu, xylitol) ni sumu kwa mbwa, na mtoto mdogo hudondosha nusu ya anachokula. Zabibu kavu chache tu zinaweza kuharibu figo za mbwa, kwa hiyo safari hii ziacheni nyumbani. Kwa upande wa mtoto, njugu, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima humkaba aliye chini ya miaka 4 au 5. Alishwe mkiwa mmesimama, maana dereva hawezi kumwona mtoto anayekabwa kimya nyuma yake.

Halafu joto. Nje kukiwa na nyuzijoto 24, ndani ya gari lililofungwa hufika kama 34 kwa dakika 10 na zaidi ya 40 kwa nusu saa. Kuteremsha kioo kidogo hakubadilishi mengi. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, na mbwa hutegemea kuhema ili apoe. Kwa hiyo hakuna anayebaki garini, hata kwa kununua maji tu. Dereva aweke kiatu kimoja au simu kwenye kiti cha nyuma kando ya mtoto, ili asiweze kuondoka bila kugeuka nyuma. Na mkishafika kambini, gari lifungwe kila wakati na funguo zikae mfukoni mwa mtu mzima. Watoto huingia kwenye magari kucheza, wakajifungia.

Mbwa anayehema kwa kasi bila kutulia, mwenye udenda mzito, fizi nyekundu sana au anayeyumba, amezidiwa na joto. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji ya baridi mwili mzima, mpepeeni, kisha mumkimbize kwa daktari wa mifugo. Msimfunike taulo lililoloa na kuliacha, kwani huzuia joto kutoka.

Kufika na kusimamisha hema

Fikeni angalau saa mbili na nusu kabla ya giza. Kabla ya kushusha kitu, tazameni juu kama kuna matawi makavu, na chini kama kuna sisimizi, mashimo, vioo au dalili kwamba maji ya mvua hutuama hapo. Ulizeni sheria za mbwa mapema, kabla ya kulipia. Hifadhi nyingi za taifa haziruhusu mbwa kabisa, au humruhusu kambini tu na si kwenye njia za kutembelea. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe garini, na kola iwe na namba ya simu iliyo hewani.

Sasa mgawanyo wa kazi. Mbwa anafungwa kivulini na maji yake. Mtu wa mtoto anatembea naye kuzunguka eneo lenu, akimwonyesha mipaka kwa vitu anavyoweza kukumbuka: mti huu, jiwe lile, gari letu. Mtu wa pili anasimamisha hema peke yake. Ndiyo, peke yake. Hema ambalo mtu mmoja hawezi kulisimamisha halifai familia hii, hata liwe zuri namna gani, na hilo mnaligundua kwa mazoezi ya nyumbani.

Lebo ya "watu 4" maana yake ni magodoro manne yanayogusana, bila mizigo. Watu wazima wawili, mtoto na mbwa wachukue la watu 6, lenye kibaraza cha kuwekea viatu, poti na matope ya mbwa. Turubai la chini liwe dogo kidogo kuliko sakafu ya hema. Likichomoza nje hukusanya mvua na kuipitisha chini yenu. Vigingi vipigwe kwa pembe ya nyuzi 45, vichwa vikiinama kuelekea mbali na hema. Kamba za hema zifungwe vitambaa vyeupe au utepe unaong'aa, kwa sababu ziko sawasawa na kimo cha shingo ya mtoto anayekimbia.

Kamba ya mbwa isizidi mita 3. Ndefu kuliko hapo humpa nafasi ya kushika kasi kabla ya kukatwa ghafla, na humzungusha mtoto miguuni. Ipimeni kwa kutembea nayo: isifike motoni, isifike mlangoni mwa hema, isifike mtoto anapokula. Mbwa naye ale kando, mtoto akiwa mbali. Hata mbwa mpole nyumbani hulinda bakuli lake akiwa mahali pageni.

Moto na maji

Jiko la gesi na moto wa kuni viwe mita 3 au zaidi kutoka hemani. Wekeni mduara wa mawe au kamba mita moja kutoka motoni na mtoto asiuvuke kamwe, hata moto ukiwa umezimwa. Majivu huweza kuunguza hadi asubuhi ya pili. Mwageni maji, korogeni, mwageni tena, kisha pitisheni mgongo wa mkono juu yake. Mtoto akiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funikeni kwa nailoni safi ya kufunikia chakula. Barafu, mafuta na dawa ya meno visitumike.

Maji bebeni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, pamoja na ya kupikia. Mbwa huhitaji mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake, na zaidi kukiwa na joto. Wa kilo 20 mbebeeni lita 2.

Usiku

Baridi ya hema hutoka chini. Godoro la upepo la kawaida limejaa hewa inayozunguka na kupoa, kwa hiyo chini ya mwili kuwe na mkeka wa sponji au blanketi nene, si juu tu. Mfuko wa kulalia wa mtu mzima humwacha mtoto na nafasi kubwa tupu ambayo mwili wake mdogo hauwezi kuipasha. Nunueni wa kimo chake, au kunjeni sehemu ya miguuni na kuifunga kwa nje. Aliye chini ya mwaka mmoja ana kanuni zake: kitanda cha safari chenye godoro gumu, nguo ya kulalia ya kuvaa mwilini, bila blanketi iliyolegea, bila mto, na asilale kwenye godoro la upepo. Kupima kama amepata joto la kutosha, gusa kisogo chake, si mikono. Kikiwa na jasho, punguza nguo moja.

Mtoto alale upande wa ndani, mtu mzima awe kati yake na mlango. Mbwa alale miguuni kwenye mkeka wake mwenyewe, au kizimbani na kitambaa juu ili asibwekee kila jani linaloanguka. Asiachwe hemani peke yake na mtoto, hata dakika ya kwenda chooni. Matundu ya hewa yaache wazi hata kukiwa na baridi, kwani pumzi zenu zote hugeuka matone yanayodondoka alfajiri. Na jiko, mkaa au kuni zisiingie hemani kwa sababu yoyote. Mkaa unaoonekana umezimika bado hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoua watu usingizini.

Kabla ya kulala wakagueni kupe. Mtoto: nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, nyuma ya magoti, kinenani. Mbwa: ndani ya masikio, chini ya kola, kati ya vidole, shina la mkia. Mshikeni kupe kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja juu, bila kumzungusha wala kumpaka mafuta. Dawa ya kujipaka ya kufukuza wadudu yenye kemikali ya DEET isipakwe mbwa, na mtoto asipakwe mikononi kwa sababu hujilamba.

Kufungasha

Asubuhi ya kuondoka fuateni mgawanyo uleule wa kufika: mbwa kivulini hadi dakika ya mwisho, mtoto na mtu wake, mmoja tu akifungasha. Hesabuni vigingi kabla ya kufunga mfuko, maana kimoja kilichobaki kwenye nyasi kitamchoma mbwa au mtoto wa mwingine. Hema lililofungwa na unyevu litandazwe nyumbani siku hiyohiyo, au kesho yake kwa kuchelewa kabisa, kabla ukungu haujashika mishono. Na mbwa mkagueni tena kupe kwa siku mbili tatu zinazofuata. Wale wadogo kabisa huonekana tu wakishanyonya damu na kuvimba.