Jibu: Tairi ya kinga (baiskeli) kwa lami na mawe ya Goma

Ndugu, umeuliza ukamate tairi gani kama unatoka ku lami unaingia mu mawe ya volkano. Kamata upana wa inchi 2.1 ao 2.25, meno ya katikati mafupi na ya kukaribiana, ya pembeni marefu kidogo. Lakini cha kwanza ni mbavu (kuta za pembeni za tairi) ngumu, juu lava iliyoshuka mu mji 2002 ingali inakata kama wembe! Zikipasuka usikimbilie kole (gundi) tu, kata kipande cha tairi ya zamani ukiweke ndani ya pasuko, kisha ndio ubandike kiraka ku mpira wa ndani. Ukikuta matundu mawili ya kukaribiana ku mpira wa ndani, upepo ulikuwa kidogo, ongeza.