Jibu: Mjusi wa Tendaguru, ni mifupa halisi au plasta?

Mkuu, umeuliza kama yule dinosaria wa Tendaguru, Lindi, aliyesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, Ujerumani, ni mifupa halisi au plasta tupu. Sehemu kubwa ni mifupa halisi, ila si ya mnyama mmoja: wameunganisha ya kadhaa wa aina ile ile. Fuvu lililo juu kule, zaidi ya mita 13, ni nakala. Lile halisi limewekwa pembeni. Pingili za shingo na mgongo nazo ni za kuigiza, kwa sababu za asili ni nzito na zinavunjika upesi.

Jina lake siku hizi ni Giraffatitan. Zamani alihesabiwa kuwa Brachiosaurus, ndiyo maana vitabu vinatofautiana.

Kinachonivutia mimi ni stoo ya makumbusho hayo. Wachimbaji wa 1909 hadi 1913 walifunga mifupa kwa udongo na vipande vya mianzi, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Baadhi ya vifurushi hivyo havijafunguliwa mpaka leo! Watafiti wanavipiga picha za CT (eksirei zinazoonyesha ndani tabaka kwa tabaka) kuona kilichomo bila kukata mwanzi hata mmoja. Hao wapagazi, kwa maoni yangu, wangestahili kutajwa kabla ya maprofesa.