Maswali na majibu: Unaomba udaktari? Tazama wodi kwanza

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, maswali hayaishi. Nimejibu yanayowahusu wengi. Ya "naomba unitafutie chuo" nimeyaacha. Kutafuta chuo ni kazi yako.

Nimesoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Chuo gani ni bora kwa MD, shahada ya udaktari: MUHAS, KCMC, Bugando au UDOM? (Msomaji, Singida)

Bora kwa lipi? Miaka miwili ya mwanzo ni masomo ya msingi kama anatomia, fiziolojia na baiokemia, na mwili wa binadamu ni uleule Moshi na Dodoma. Tofauti inaanza ukiingia wodini. Kwa hiyo acha jina la chuo, ulizia hospitali yake. MUHAS wana Muhimbili pale pale Upanga, Dar es Salaam, pamoja na Mloganzila. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza ni hospitali za rufaa za kanda, zote zimefunguliwa mwaka 1971, moja inapokea wagonjwa wa Kaskazini, nyingine wa Kanda ya Ziwa. Wa UDOM wanategemea Benjamin Mkapa na hospitali ya rufaa ya mkoa. Hata Ifakara mnayoidharau kwa sababu ni mbali na Dar ina hospitali ya St. Francis, inayopokea wagonjwa wa bonde zima la Kilombero.

Kama una ndugu kwenye mji wenye chuo unachokitaka, nenda umtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne. Muulize: umezalisha akina mama wangapi kwa mikono yako? Umeshona kidonda, au uliangalia tu? Kwenye raundi mnasimama wangapi kitanda kimoja? Wakiwa ishirini na tano, wa nyuma anaona migongo ya makoti meupe, tumbo la mgonjwa haligusi hadi siku ya mtihani. Jibu la kijana huyo lina uzito kuliko bango lolote la barabarani. Na mabango yamezidi: picha ya maabara inang'aa, mikroskopu zimepangwa mstari, lakini hospitali ya kufundishia haitajwi popote. Ukiona hivyo, uliza. Wakijiumauma, ondoka.

Shikamoo mwalimu. Nimesoma CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) na nina ufaulu mzuri sana. Naweza kuomba MD?

Marahaba. Hapana. Huna Fizikia. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, na kitabu cha sifa za kujiunga cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kinapakuliwa bure.

Mwanangu ana Division One ya pointi 9, lakini MUHAS wamemwacha, na ndiko pekee alikoomba ili awe karibu na shangazi yake Dar. Kuna upendeleo? (Mama, Tabora)

Pole, mama. Ila tuhesabu kabla ya kulaumu. NECTA, Baraza la Mitihani, wanahesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, kwa hiyo pointi chache ndiyo sifa. Vyuo vinageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kijana mwenye C tatu ana 9 huku na 9 kule. Kwa NECTA hiyo ni Division One ya mwisho kabisa, na kwa chuo ni 9 kati ya 15. Mwenzake mwenye A mbili na B moja ana 14, na wa namna hiyo MUHAS wanajaa. Pointi 6 mnazozisoma kwenye kitabu cha TCU ni za hesabu ya vyuo, na ni sifa ya kuomba tu. Kupata nafasi ni ushindani.

Alikosea kuomba chuo kimoja tu. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo, na anaruhusiwa kuomba vingi. Dirisha lijalo likifunguliwa aombe viwili vitatu vya mikoani. Na wewe mama, usimlazimishe Dar ili awe karibu na shangazi yake.

Wakala anasema naweza kusoma MBBS (ndiyo MD ya huko) nje hata kama Fizikia nina F. Ameshachukua milioni moja ya kushika nafasi. (Msomaji, Kahama)

Kaidai hiyo milioni leo. Kisha uliza TCU kama wakala huyo amesajiliwa kwao, maana wanaopeleka wanafunzi nje wanatakiwa kusajiliwa. Kabla ya kulipa ada yoyote, omba TCU barua ya kutokuwa na pingamizi, ile wanayoiita NOC. Ukirudi na shahada yako, itahitaji kutambuliwa na TCU, halafu kuna Baraza la Madaktari Tanganyika na mtihani wao. Wakala hatakuwepo siku hiyo. Atakuwa amebadili namba.

Sisemi nje ni kubaya. Wapo madaktari wazuri waliosoma China na Urusi. Ila kumbukeni China ilipofunga mipaka mwaka 2020: vijana walikaa nyumbani mpaka 2022 wakifuata mafunzo ya wodini kwenye skrini. Ukraine vita vikaja Februari 2022, Sudan Aprili 2023, na Watanzania waliokuwa wakisoma huko wakarudi na mabegi. Mzazi anayeuza shamba ampeleke mtoto nje ajiulize atabaki na nini likitokea la kutokea mwaka wa tatu.

Mimi ni tabibu kituo cha afya, nina diploma. Bado naweza kuomba MD? (Msomaji, Mpanda)

Unaweza, na ningependa walio kama wewe wawe wengi. Tabibu aliyekesha peke yake na mtoto mwenye degedege hafundishwi maana ya dharura. Angalia GPA yako pamoja na matokeo ya kidato cha nne, hasa Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Wengi hukwama hapo. Ruhusa ya mwajiri iombe mapema, kwa maandishi. Mkurugenzi akikukubalia kwa mdomo, hujakubaliwa.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Nifanyeje?

Thibitisha kimoja kabla ya tarehe ya mwisho.

Mkopo naomba baada ya kupata chuo?

Usisubiri. Bodi ya Mikopo ina dirisha lake, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Kama jina la cheti hicho halifanani na la kidato cha nne, shughulikia wiki hii.

Ni kweli madaktari hawana ajira?

Wapo wengi mtaani, ndiyo. Zamani mtu alimaliza intanshipu, mwaka wa kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi, akapangiwa kituo. Sasa anaomba kama wahasibu. Kama unafuata mshahara, miaka mitano na mmoja wa intanshipu ni mingi.

Naenda JKT. Mwenye steshenari anaweza kuniombea chuo?

Akuchapie, lakini kaa pembeni yake. Barua pepe iwe yako, nywila uiandike wewe, na namba ya simu iwe ya mtu wa nyumbani atakayepokea ujumbe ukiwa kambini. Wenye steshenari hutumia barua pepe moja kwa wateja hamsini, kisha namba ya kuthibitishia inaingia kwenye simu ya mtu asiyekujua.