Kabla hujaiweka bangi kwenye karata ya Ibilisi

Daftari langu la kwanza la kulinganisha Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, na taroti na mimea, nililichana baada ya miezi minne ya kazi. Lilikuwa limepangwa vizuri tu: herufi 22 za Kiebrania kushoto, karata kuu 22 za taroti, zile za picha wanazotumia waaguzi, katikati, mimea ya kulevya kulia. Siku niliyomaliza nikataka kuhakiki. Nikaanzia chini kabisa, kwenye herufi ya Tav, nikakuta karata ya Ulimwengu, na vitabu vyangu vyote viwili vinakubaliana. Nikalala kwa amani. Kumbe Tav ndiyo herufi pekee vinayokubaliana. Kuanzia Alef hadi Shin, karibu kila mstari ulikuwa umepishana kwa hatua moja.

Kisa ni Mpumbavu, ile karata ya sifuri. Éliphas Lévi, mwandishi Mfaransa wa elimu za siri wa karne ya 19, aliipa Alef karata ya Mfanya Mazingaombwe, akamsukuma Mpumbavu hadi Shin, herufi ya 21. Wale wa Golden Dawn, chama cha elimu za siri kilichoanzishwa London mwaka 1888, wakamrudisha Mpumbavu kwenye Alef, na wengine wote wakasogea. Ndiyo maana kwa Lévi herufi ya Ayin ni Mnara, kwa Golden Dawn ni Ibilisi. Mimi nilichukua karata kwa Lévi, mimea nikaitoa kwa Aleister Crowley, mtoto wa Golden Dawn, katika 777, kitabu chake cha majedwali ya ulinganisho cha mwaka 1909. Humo Ayin imebeba bangi. Basi bangi yangu ikatoka kwa Ibilisi ikaangukia kwenye Mnara, nami nikaandika kurasa tatu nzima kueleza jinsi moshi wake unavyofanana na mnara uliopigwa na radi. Zilisomeka vizuri sana kurasa zile. Hilo ndilo linanitia hofu mpaka leo.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, ukurasa wa kwanza wa daftari lako uandike unamfuata nani. Usichanganye. Na mitego haikuishia kwa Mpumbavu: Waite, mwanachama mwingine wa Golden Dawn, katika karata zake za 1909, alibadilishana namba za Nguvu na Haki, ya 8 na ya 11, baadaye Crowley naye akabadilishana herufi za Mfalme na Nyota. Ukikuta mwandishi hasemi yuko upande gani, muweke kando kwanza.

Jambo la pili ndilo limenifaa kuliko yote. Usikariri mmea; fuata njia uliyopitia mpaka ukafika kwenye kisanduku chake. Chukua bangi hiyohiyo. Ayin ni buruji ya Jadi, na Jadi inatawaliwa na sayari ya Zuhali. Sasa mfungue Nicholas Culpeper, tabibu wa mitishamba wa London aliyeishi zaidi ya miaka 200 kabla ya Crowley, wala hakuhitaji karata yoyote. Katani, yaani mmea uleule wa bangi, ameiweka wapi? Chini ya Zuhali. Njia mbili zimekutana sehemu moja. Pakanga, ule mmea mchungu, vilevile: Crowley ameiweka kwenye herufi ya Peh, yaani Mirihi, yaani karata ya Mnara, na Culpeper naye anasema ni mmea wa Mirihi. (Aliyekulia kanisani atakumbuka kwamba Ufunuo sura ya 8 ina nyota inayoanguka kutoka mbinguni, jina lake Pakanga. Tazama picha ya Mnara, watu wanavyoporomoka kutoka juu, kisha rudi usome.) Pakanga ndiyo iliyokipa jina kileo cha absinthe, ambacho Ufaransa ilikipiga marufuku mwaka 1915.

Lakini kuna mahali njia inakatika. Mmea wa afyuni Culpeper anaupa Mwezi. Crowley anauweka Bina, kwenye duara la Zuhali (mbali na herufi 22, Kabala ina maduara kumi), halafu katika safu nyingine ya jedwali lilelile, safu ya dawa za mimea, afyuni yenyewe anaitia Chesed, duara la Mushtari. Mgeni akifika hapa hutafuta hadithi ya kuunganisha yote matatu. Usifanye hivyo. Andika tu "hawakubaliani", endelea na kazi.

Ninyi mliosoma chuo cha Kurani, au mliokaa karibu na mzee wa falaki, mna mtaji ambao Mzungu anaununua kwa miaka. Hesabu ya abjadi mnaijua: alif 1, be 2, jim 3, dali 4. Ya Kiebrania ni ndugu yake wa damu: alef 1, bet 2, gimel 3, dalet 4. Na herufi kushikana na sayari si jambo geni kwenu. Ila abjadi ina herufi 28, Kiebrania 22. Nimeona mtu akizivuta zile sita za mwisho kwa nguvu ili zipate karata. Hakuna karata zao.

Umri wa vitu nao uuchunguze. Kwenye duara la nane, Hod (si hodi ya mlangoni), Crowley ameweka Anhalonium lewinii, yaani peyote, dungusi mdogo wa Meksiko na Texas. Jina hilo la kisayansi lilitolewa 1888, na meskalini ikatengwa kutoka ndani yake mwaka 1897. Wanazuoni wa Kabala wa mji wa Safed, kina Cordovero na Luria wa karne ya 16, hawakuwa na habari za peyote. Wala karata hawakuwa nazo katika elimu yao. Taroti ilianza kama mchezo kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na hadi 1781 ndipo watu wa Paris walipoanza kuchapisha kwamba ina siri za Misri na za herufi za Kiebrania. Kwa hiyo usimwendee Myahudi ukamwambia Kabala yake inafundisha peyote. Ni Kabala ya Waingereza wa juzi.

Majina ya Kiswahili pia yatakupoteza. Mandragora, ambayo Crowley ameiweka Yesod, duara la Mwezi na la uzazi, ndiyo ile Raheli aliyoiomba kwa Lea katika Mwanzo sura ya 30. Biblia yetu inaiita tunguja. Watafsiri walikuwa na busara, maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Lakini tunguja ya porini kwetu si mandragora, na sumu zake si zilezile.

Na kwa kuwa nimetaja sumu: mnanaha, yaani datura, umewekwa Tiferet, duara la Jua, la uzuri. Usidanganyike na uzuri huo. Una atropini na skopolamini, na watu wamekufa nao. Jedwali linapanga maana, halipimi dozi. Mimi mimea hii naisoma, siigusi, na bangi sheria zetu mnazijua.

Zoezi ninalompa kila anayeanza ni la miraa. Katika 777 sijaiona popote, kwa hiyo hakuna wa kumwigilizia. Iweke mwenyewe, ueleze njia. Mimi naipa Utaridi, kwa sababu ya maneno: wakae watu watano na kifurushi kimoja, usikilize. Rafiki yangu wa Meru hataki kusikia hilo. Anasema ni Jua, kwani inakataa usiku usiingie. Tumebishana mwaka wa tatu sasa, na kisanduku katika daftari langu bado kimeandikwa kwa penseli.